Mkanda Mlangoni

Nyinyi mnaokaa nyumba moja na mabinti zenu waliokwisha kuzaa, someni habari hii ya Gahongayire wa Niboye. Mkifika mahali panapofanana na kwenu, msimtazame jirani.

Gahongayire alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri. Kazi ya saa hiyo hakuwa nayo. Aliamka ili kusikiliza. Ukuta uliotenganisha chumba chake na cha binti yake Athanasie ulikuwa wa mbao, haukufika kwenye mabati, na kila kitu kilipita juu yake. Kwanza alisikia kimya cha mtu aliyeamka lakini anaogopa kusogea. Kisha pumzi moja ndefu. Kisha kitanda kililia mara moja tu, kwa sababu Athanasie alikuwa ameyabana magoti pamoja, akageuka mzima kama gogo, akateremsha miguu yote miwili kwa wakati mmoja.

Gahongayire aliujua mwendo huo. Hakuna anayeufundishwa. Hujifunza mwenyewe yule ambaye mfupa wake wa mbele, kule chini kwenye kinena, ulifunguka siku ya kuzaa na haukurudi sawasawa. Yeye upande wake wa ukuta alikuwa akigeuka hivyohivyo kwa miaka ishirini na sita, na hakuna aliyejua.

Kilichomchoma hakikuwa kuona mtoto wake amepatwa na maumivu yaleyale. Kilikuja baadaye kidogo: raba zikivaliwa, kitambulisho kikichomekwa ndani ya soksi kwa sababu ya askari wa kizuizi cha pale njia panda, komeo likifunguliwa, halafu huko nje kwenye baridi Athanasie akicheka. Akicheka peke yake. Mwanamke anayeumwa nyonga, miezi kumi na minne baada ya kujifungua, anatoka kwenda kukimbia na anacheka.

"Anacheka nini?" Gahongayire aliliuliza blanketi lake.

Nyumba ilikuwa ya watu wanne: yeye mjane, Athanasie mpiga taipu katika ofisi moja ya Kacyiru, mkwe wake Révérien fundi wa kujenga, na Achille, mtoto aliyeleta maneno yote haya. Walikuwa wametoka Bujumbura, na ndani ya nyumba walisemeshana kwa Kiswahili cha huko kilichochanganyika na Kinyarwanda. Mwaka ulikuwa wa tisini na mbili, vita viko kaskazini, lakini Niboye watu walikwenda kazini, walibishania maji bombani, na jioni walipika.

Athanasie hakuficha ugonjwa wake. Alikwenda kituo cha afya, akamwambia muuguzi mahali panapomuuma, bila kuzungukazunguka. Muuguzi akamweleza kwamba viungo vya nyonga vimelegea, vinachukua muda, wengine muda mrefu sana. Akamwonyesha namna ya kujifunga kitambaa, akamwambia asinyanyue mizigo, asipande ngazi mbilimbili. Kuhusu kukimbia alimwambia asiache kitu anachokipenda ila akipunguze: mteremko atembee, tambarare akimbie kwa hatua fupi, na akiamka kesho yake maumivu yamezidi ya jana, apumzike siku mbili. Athanasie alirudi akayaeleza hayo yote mezani, mbele ya mume, kama mtu anayesimulia bei ya viazi.

Kuanzia siku hiyo dumu la lita ishirini lilihamia kwa Gahongayire.

Hakuna aliyemlazimisha. Révérien alikuwa akiondoka mapema kwenda kwenye matofali, binti haruhusiwi kunyanyua, na yeye ndiye mtu mzima aliyebaki. Akateka maji kwa nyonga ileile, akipanda kutoka bombani anayumba, na watoto wa mtaani nyuma yake wakiigiza mwendo wake, makalio huku na huku, wakimwita Bata. Angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha. Lakini mtu aliyenyamaza miaka ishirini na sita hulipata wapi neno hilo? Aliwahi kulisema mara moja, kule Bujumbura, kwa mama mkwe wake, akajibiwa kwamba kuzaa ndivyo kulivyo na arudi kwenye mwiko. Alikuwa mchezaji ngoma Gahongayire, msichana wa kuitwa kwenye harusi mbele ya wengine. Akaacha kucheza. Mumewe akawaambia watu mke wake siku hizi anaringa.

Na sasa huyu, aliyemfungua huo mfupa kwa kichwa chake mwenyewe siku ya kuzaliwa, anapita barabarani na raba nyeupe, na wanawake bombani wanasema, jamani binti yako ana moyo.

*

Alhamisi jioni Athanasie alirudi na fulana ya buluu yenye namba kumi na saba mgongoni. Jumapili saa tatu kulikuwa na mashindano ya wafanyakazi wa maofisi, kilomita nne, wanawake wanne kila ofisi, na wote wanne ni lazima wafike ndipo ofisi ihesabiwe. Habimana, dereva mkuu wa ofisi yao, ndiye aliyewafundisha. Alijua habari ya nyonga. Alikuwa amemwambia Athanasie kwamba hamtaki awe wa kwanza, anamtaka afike.

Révérien aliivaa fulana juu ya shati lake lenye saruji, ikamfika kitovuni, akazunguka meza. Achille akapiga makofi. Gahongayire peke yake ndiye aliyeendelea kuchambua maharage.

"Kukimbia kunachana tumbo," alisema. "Hutapata mtoto mwingine."

"Muuguzi hakusema hivyo, Mama."

"Muuguzi hakukuzaa."

Athanasie aliketi taratibu, magoti pamoja, kwenye kigoda kando ya mama yake, akaanza naye kuchambua. Alisema kwa sauti ya chini, si ya ugomvi. "Mama, mimi nikikaa inauma. Nikilala inauma. Nikikimbia inauma vilevile, lakini pale kwenye tambarare, jua likianza kutoka, nakuwa mimi. Sasa kama ni kuuma tu, si bora iniume nikiwa na furaha?"

Gahongayire alitupa jiwe la maharage mlangoni. Moyo wake ulikuwa umekuwa mchungu hadi ulimini. Alitaka kumwuliza: na mimi nilikuwa nani? Hakuuliza. Badala yake alisema Jumapili ni siku ya misa, na mwanamke anayeonyesha mapaja kwa madereva siku ya Bwana asije akalia baadaye.

Révérien akataka kumpoza mama mkwe wake kwa mzaha. "Mabukwe, huyu mwache tu. Huyu hata umfunge na kamba ya mbuzi ataitafuna."

Wakacheka wale wawili. Gahongayire hakucheka, ila maneno ya kamba aliingia nayo chumbani.

*

Chini ya nguo zake, ndani ya kijaluba cha ukindu, alikuwa na umweko wake, ule mkanda wa kitambaa mzazi anaojifunga tumboni baada ya kuzaa. Ulikuwa mweupe zamani. Sasa ulikuwa na rangi ya chai. Kila mtoto wa kule kwao anaujua. Mama akiulaza mkanda huo kizingitini, mtoto wake hapiti. Akiuruka, ameliruka tumbo lililomzaa, na anakokwenda hakufiki vizuri. Wala mtu mwingine hawezi kuuondoa. Aliyeulaza ndiye auinue.

Ni jambo la kufanywa mtoto akitaka kwenda kuua mtu, au kuolewa na ndugu yake. Gahongayire alilijua hilo. Jumapili saa kumi na moja na nusu, nyumba bado imelala, aliulaza mkanda kwenye kizingiti cha mlango pekee wa nyumba ile, akaunyoosha kwa kidole cha mguu kwa sababu kuinama kulimshinda, akafunga kitenge chake na kwenda misa ya kwanza.

Kanisani alimweleza Mungu kwamba ni kwa ajili ya usalama wa mtoto. Akaeleza mara ya pili kwa maneno mengine. Aliposhika njia ya kurudi, kwenye mteremko wa udongo mwekundu wenye mikaratusi, alikuwa hajaridhika kwamba amesikika.

Hapo ndipo alipoona kamioneti ya ofisi, gari dogo la mizigo, ikipanda kuelekea Niboye, wanawake watatu wa fulana za buluu nyuma, Habimana kwenye usukani. Akapunguza mwendo. Haikupita robo saa, kamioneti ikarudi. Wanawake nyuma walikuwa watatu walewale, na hakuna aliyekuwa akiimba. Ilipompita Gahongayire aligeuka kuitazama, na utamu ukamwingia mwilini, utamu hasa, kama sukari iliyoibiwa. Kwa hatua kumi hivi alitembea bila kusikia maumivu.

Hatua ya kumi na moja aliikanyaga bado ametazama nyuma. Changarawe ikateleza. Mguu mmoja ukaenda na mteremko, mwingine ukabaki, na pale katikati kitu kikafunguka kama mlango uliopigwa teke.

*

Mambo ya nyumbani alisimuliwa baadaye. Athanasie alikuwa ameamka saa kumi na mbili na nusu, akajifunga kitambaa chake cha nyonga, akavaa namba kumi na saba, akafungua mlango, akauona mkanda. Alisimama pale akiutazama. Révérien alipokuja nyuma yake na mtoto begani, alimkuta ameshika miimo ya mlango kwa mikono miwili, vidole vya raba vimefika kabisa ukingoni mwa kile kitambaa.

Révérien hakuwa na mzaha tena. Alisema anauinua yeye, liwe litakalokuwa. Athanasie akamzuia. Kamioneti ilipokuja, Habimana alishuka akipiga kelele za furaha, akafika mlangoni. Alitazama chini, akavua kofia. Yeye pia alikuwa na mama aliyemzaa. Akasema tu, "Basi, sista," na kurudi kwenye gari, na wale wanawake watatu wakashusha macho, kwa sababu ofisi yao ilikuwa imeshindwa kabla ya kukimbia.

Saa mbili na nusu akaja jirani yao Mukeshimana anahema. Mama yenu ameanguka mteremko wa kanisani, alisema. Watu wamejaribu kumnyanyua kwa kwapa, amelia mpaka wakamwachia. Sasa wanataka kumbeba ndani ya blanketi, watu wanne, naye anakataa kuguswa. Tokeni.

Wakatazamana. Mlango ulikuwa na mkanda, na mwenye mkanda alikuwa kule chini.

"Dirisha si mlango," Révérien alisema.

Dirisha la nyuma lilikuwa na kibao tu, halina vyuma, likifika kifuani. Alitoka yeye kwanza akaweka ndoo kwa nje. Athanasie alikaa ukingoni, na kwa mwanamke mwenye nyonga ile hakuna jambo baya zaidi ya kutupa mguu mmoja huku na kuacha mwingine kule. Hakuutupa. Aliyabana magoti, akageuka mzima kwa makalio, kama anavyotoka kitandani kila alfajiri, akashukia ndoo kwa miguu miwili. Akamwachia mtoto Mukeshimana, aliyeingia kwa dirisha lilelile. Akakimbia.

Pale kizuizini askari alinyanyua mkono. Kitambulisho hakuwa nacho. Alikuwa amekisahau mezani. Akasema mama yake yuko pale chini. Askari alikuwa akimwona kila alfajiri akipita na akirudi. Akamwambia apite, lakini kesho asisahau.

*

Gahongayire alikuwa amekaa pembeni ya njia, watu wamemzunguka. Wakati wa kuanguka mkojo ulikuwa umemtoka. Alikuwa ameutandaza upande wa kitenge juu ya magoti ili wasione, na kila mtu aliyenyoosha mkono kumsaidia alimfukuza kama nzi. Mwanamume mmoja alisema kikongwe huyu amechanganyikiwa. Gahongayire alikuwa na miaka hamsini na moja.

Ndipo akamwona binti yake juu ya barabara. Anakimbia kwenye tambarare kabla ya mteremko, hatua fupifupi, mabega yametulia, fulana ya buluu. Hata katika hofu alikimbia vizuri. Wivu ukampanda Gahongayire mara ya mwisho kwa nguvu zake zote, pale pale ndani ya mkojo wake, na alimchukia mtoto wake kwa muda wa kupepesa jicho. Athanasie alipofika kwenye mteremko aliacha kukimbia. Akateremka akitembea, mguu mmoja baada ya mwingine, kama mtu mzima, akiuma mdomo. Na Gahongayire aliona kwa mara ya kwanza, kwa macho na si kwa masikio, kwamba inamuuma kweli.

Athanasie aliwaomba watu wasogee. Alichuchumaa, hapana, alipiga magoti, maana kuchuchumaa hakuwezi. Akauona upande wa kitenge uliolowa, akafungua kanga yake aliyojifunga kiunoni, akamfunika nayo mama yake. Kisha akaweka kiganja chini ya kitovu cha mama yake, chini zaidi, mahali penyewe hasa.

"Ni hapa?"

Gahongayire akatikisa kichwa kukubali.

"Na nyuma, huku juu ya makalio? Na ukigeuka kitandani?"

"Ndiyo."

"Tangu lini, Mama?"

Watu walikuwa wamesogea lakini si sana. Gahongayire alitazama namba kumi na saba, kwa sababu uso ulimshinda.

"Tangu nilipokuzaa."

Athanasie hakulia wala hakumkumbatia. Alihesabu, na hesabu haikuwa ngumu, ilikuwa umri wake. Halafu akasema kwa Kiswahili chao cha nyumbani, "Na lile dumu lote?"

"Na lile dumu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani alikuwa ananiuliza," alisema Gahongayire. Na kwa kuwa siku hiyo hakuwa na kitu kingine cha kuficha, "Nilikuwa naona wivu. Wewe inakuuma na unacheka."

Révérien, aliyekuwa amefika nyuma yao, aligeuka akawaambia watu waende misa ya pili.

Athanasie alimfundisha mama yake jambo ambalo mama alikuwa akilifanya kila alfajiri. Magoti pamoja. Sasa ubavu, wote kwa mara moja. Sasa mikono chini. Wakanyanyuka wote wawili kwa mwendo mmoja, wakashikana, na njia ya kurudi iliwachukua saa nzima.

*

Mlangoni mkanda ulikuwa umelala ulivyolazwa. Mukeshimana alikuwa ndani na mtoto, hajathubutu hata kufagia karibu yake. Révérien alisema kwamba yeye anaweza kupita tena dirishani, amekwishazoea, lakini mabukwe kwa dirisha ni kazi ya mafundi watatu. Hakuna aliyecheka sana.

Aliyeulaza ndiye auinue, na aliyeulaza hawezi kuinama. Walisimama pale nje ya nyumba yao, majirani wakichungulia juu ya ua. Mwishowe Athanasie alimshika mama yake makwapani kwa nyuma, Révérien akatanguliza goti lake liwe kigoda, na Gahongayire akashuka polepole mno, anatokwa jasho, mpaka magoti yakagusa udongo. Akauokota umweko mwenyewe. Akabaki nao mkononi hajui aufanye nini.

"Nipe," alisema Athanasie.

Akaupitisha kiunoni mwa mama yake juu ya kanga. Gahongayire akaupandisha tumboni kama alivyofunga siku zote, kama alivyofungwa na mama mkwe.

"Si huko juu, Mama. Huku chini, kwenye mifupa." Akaushusha, akaukaza kwa nguvu chini kabisa, pale kiuno kinapoishia na mapaja hayajaanza, kama muuguzi alivyomwonyesha. "Sasa simama."

Gahongayire alisimama. Maumivu yalikuwapo. Lakini vile vitu viwili vilivyokuwa vikisagana kwa miaka ishirini na sita vilikuwa vimeshikwa, kama mtu anavyoushika mlango usigonge. Mkanda alikuwa nao muda wote huo, ndani ya kijaluba, na aliufunga mahali si pake. Hapo ndipo alipolia, na majirani wakafikiri ni kwa sababu ya mashindano.

*

Jumatatu Athanasie alikwenda kazini, na wale wanawake watatu walimsalimia kwa midomo tu. Habimana alimwambia kwamba jina lake ameliondoa kwa mwaka huu, mkurugenzi ametaka hivyo, si yeye. Alirudisha fulana, imefuliwa na kupigwa pasi. Gahongayire ndiye aliyeipiga pasi, na wakati wa kuikunja aliificha namba kwa ndani. Nafasi ya mbio hizo haikurudi. Wako wazazi wanaofikiri kwamba ukiinua mkanda, umeinua kila ulichozuia.

Jumanne walikwenda pamoja kituo cha afya, na Gahongayire aliposema mahali panapomuuma alisema akitazama ukuta. Dumu likapewa Révérien, ambaye alianza kuamka nusu saa mapema na kulalamika mtaa mzima usikie.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi na moja, kitanda kililia upande wa pili wa ukuta. Kikalia na upande huu. Walikutana mlangoni gizani, Athanasie na raba zake, Gahongayire na viatu vyake vya misa, mkanda chini kwenye mifupa. Kizingiti kilikuwa kitupu. Mama alikitazama kabla ya kukivuka.

"Mpaka pale kona tu," alisema. "Mguu wangu si wa kukimbia."

Penye kona Athanasie akamwacha. Tambarare ilikuwa mbele yake, nyeupe kidogo kwa umande, na baada ya hatua chache alicheka, kile kicheko chake cha peke yake. Gahongayire alikisikia kikienda mbali. Kilimchoma. Alidhani kingeacha, lakini kilimchoma vilevile kama zamani.

Akatazama nyuma. Hakukuwa na mtu, wala watoto wa kumwita Bata. Akashika kitenge kwa mkono mmoja, akapiga hatua nne za harakaharaka, fupifupi, hatua za msichana anayeingia uwanjani kabla ngoma haijakolea. Akasimama, akashika nyonga, akasubiri iseme itakalosema.

Iliuma. Akapiga nyingine tano.